Bomba Hulindwa Siku ya Kuchimba Mtaro

Agosti iliyopita, asubuhi na mapema, mama mmoja jirani yangu hapa Lamadi alimtuma mjukuu wake kuniita. Nilimkuta uani, kitenge kiunoni, ndoo tupu miguuni pake.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, mwanangu. Njoo uone. Bomba limechomoka lenyewe, hakuna aliyeligusa.”

Alisema kweli. Karibu na mpera ardhi ilikuwa imepasuka ufa mrefu wenye upana wa kuingiza kiganja hadi kifundo cha mkono. Chini ya ufa huo lilionekana bomba jeusi la plastiki, na ncha yake ilikuwa imetoka kwenye kiunganishi kwa kiasi cha vidole viwili. Siku hiyo maji hayakuwa kwenye zamu, kwa hiyo palikuwa pakavu. Lakini uani kote nyasi zilikuwa zimekauka rangi ya mkeka, isipokuwa mstari mmoja mwembamba wa nyasi mbichi kutoka kwenye mita hadi pale penye ufa. Mstari ule ulikuwa unamwambia mama habari yake kwa wiki kadhaa, naye hakujua kuusoma. Bomba halikuchomoka usiku ule. Lilikuwa linavuja siku nyingi, na yeye alikuwa analipa bili ya kumwagilia nyasi.

Nimefunga mabomba miaka mingi, na kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye nyumba wa wilaya yetu ya Busega alishike ni hili: bomba halilindwi siku linapopasuka, hulindwa siku ya kuchimba mtaro. Ukishafukia vibaya, utabaki kuwa mtu wa kuita fundi kila kiangazi.

Kwao baridi, kwetu udongo

Wenye ndugu Ulaya, Kanada au Marekani wamewahi kusikia habari za mabomba kupasuka kwa baridi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Ndani ya bomba hayana pa kwenda, basi husukuma mpaka bomba linapasuka, na maafa yenyewe huonekana barafu inapoyeyuka, maji yanaposhuka kwenye dari na kuta. Februari 2021 jimbo la Texas lilipigwa na baridi kali, umeme ukakatika, na mabomba yakapasuka katika nyumba nyingi mno. Nyumba nyingi za kule zilijengwa kwa kulifikiria joto, mabomba yakapitishwa darini na kwenye kuta za nje bila kufunikwa. Siku chache zisizo za kawaida zilitosha.

Kama una mtoto au ndugu huko, mkumbushe mambo manne. Asizime kipasha joto cha nyumba anaposafiri wakati wa baridi. Mabomba yanayopita kwenye ukuta wa nje au chini ya sinki ayaviringishie sponji maalumu ya mabomba. Usiku wa baridi kali aache koki idondoshe maji kidogo. Na ajue mahali ilipo koki kuu, ili bomba likipasuka afunge maji kabla hajapiga simu kwa mtu yeyote. Likiganda, aliyeyushe taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, asilisogezee moto wa aina yoyote.

Hata Tanzania tuna wanaoijua baridi: wa Makete na uwanda wa Kitulo huamka Juni na Julai wakakuta sakitu juu ya majani. Lakini sisi wa Lamadi, kando ya Ghuba ya Speke, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, hatujawahi kuona maji yakiganda nje ya friji. Adui wetu ni mwingine, ila anafanya kazi kwa njia ileile. Kwao maji huvimba ndani ya bomba. Kwetu udongo huvimba nje ya bomba.

Ujue udongo wako kabla ya kununua bomba

Wasukuma wameupa udongo majina kwa sababu ya kulima, nayo yanamfaa fundi bomba vilevile. Luseni ni udongo wa kichanga: hauvimbi, hausinyai, maji hupita haraka. Mbuga ni ule mweusi mzito wa mabondeni, kama ule wa tambarare za Ndabaka, unaonasa magari wakati wa mvua. Mbuga hunyonya maji masika ikavimba, kisha kiangazi husinyaa na kupasuka. Bomba lililolala ndani yake husukumwa miezi kadhaa na kuvutwa miezi kadhaa, mwaka baada ya mwaka. Bomba lenyewe laweza kuvumilia. Kiunganishi ndicho kinachoshindwa.

Kuujua udongo wako hakuhitaji mtaalamu. Chota konzi moja kutoka kina cha goti, uloweshe, uufinyange uzi mwembamba kama penseli, kisha uuviringishe kuwa pete. Ukivunjika mara moja, una kichanga. Ukikubali kuwa pete bila kukatika, una mfinyanzi unaovimba, na mtaro wako unahitaji uangalifu wa ziada.

Kwenye udongo wowote, mtaro wa uani uwe na kina cha sentimeta 60, yaani kwa mtu mzima aliyesimama ndani yake upite goti. Panapopita gari, trekta au mkokoteni, nenda sentimeta 90. Wengi hulalamika kwamba huko ni kuchimba kaburi. Hapana, ni kuutafuta udongo uliotulia. Juu, ardhi hukauka na kulowa, huwaka mchana na kupoa usiku. Chini ya goti hubaki na unyevu kwa muda mrefu, joto lake halibadiliki sana, na jembe halifiki.

Kwenye mbuga, ongeza hatua mbili. Kwanza, tandika mchanga chini ya bomba unene wa kiganja kimoja, kisha funika bomba kwa mchanga wa unene wa viganja viwili kabla ya kurudishia udongo mweusi. Mchanga huo ni godoro: udongo ukivuta, mchanga huteleza na kuliacha bomba mahali pake. Pili, usilinyooshe bomba kama kamba ya kuanikia nguo. Lilaze likipindapinda kidogo kama nyoka, ili likivutwa liwe na ziada ya kutoa.

Punguza viungo. Ukiwa na mita 50 kutoka kwenye mita ya maji hadi nyumbani, nunua roli moja zima. Vipande vitano ulivyovipata kwa bei nafuu vina viungo vinne, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Bomba linapoingia chini ya ukuta wa nyumba, lipitishe ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi. Nyumba na uwanja havishuki kwa pamoja, na bomba lililobanwa na zege hukatwa pale pale kwenye ukingo. Kaa mbali na miti mikubwa pia, maana mizizi hufuata unyevu, na kiungo kinachotoa jasho kidogo ndicho kinachoiita.

Jua nalo hula bomba

Mabomba tunayoyatumia zaidi hapa ni ya aina tatu za plastiki, na kila moja ina tabia yake. La PVC, lile gumu la kijivu au jeupe, jua hulifanya liwe kavu kama ganda la yai: ukiligonga baada ya miaka michache juani, hupasuka vipande. La PPR, lile la kuunganisha kwa mashine ya moto, ni zuri ndani ya kuta, lakini aina nyingi haziwezi jua la wazi. Jeusi la roli ndilo linalovumilia zaidi, kwa sababu weusi wake unatokana na unga wa kaboni uliochanganywa humo ili kuzuia mionzi ya jua isiivunjevunje plastiki.

Hata hivyo, kuvumilia mionzi si kuvumilia joto. Ile namba ya shinikizo iliyopigwa chapa kwenye bomba jeusi imepimwa kwa nyuzijoto 20. Likifika nyuzijoto 40 hupoteza kama robo ya uwezo wake, na bomba jeusi lililolala juu ya ardhi mchana wa Septemba hupita hapo bila shida. Unadhani umenunua bomba imara, kumbe mchana una bomba dhaifu.

Kisha kuna kurefuka. Mita moja ya bomba jeusi hurefuka karibu milimita 0.2 kwa kila nyuzijoto moja. Fanya hesabu: bomba la mita 100 lililopashwa nyuzijoto 20 zaidi hurefuka kwa sentimeta 40 hivi. Fundi akilitandaza saa saba mchana, akalikata sawasawa na kulibana ncha zote mbili, usiku litapoa na kutaka kujifupisha kwa kiasi hicho. Litajifupishia wapi? Litajichomoa kwenye kiunganishi. Ndiyo maana mabomba mengi mapya huvuja kesho yake asubuhi, na fundi hulaumu duka. Dawa yake haina gharama: tandaza bomba mtaroni mchana, lifunike kwa udongo kidogo katikati, liache lipoe, kisha unganisha ncha alfajiri ya siku ya pili.

Kuna kipimo kimoja rahisi cha kujua kama bomba lako limefukiwa vya kutosha. Saa nane mchana wa kiangazi fungua koki na uweke mkono. Maji ya kwanza yakitoka ya moto na kuendelea hivyo kwa muda, bomba lako liko juu mno. Likiwa na kina kinachofaa, joto ni la kile kipande kifupi kinachosimama nje tu, na baada ya kikombe kimoja au viwili maji hupoa.

Kipande hicho kinachosimama nje kisiwe cha plastiki tupu. Weka bomba la chuma, ulijengee nguzo ndogo ya zege, maana ndilo linaloshikwa na watoto na kufungiwa mbuzi kila siku. Na unaponunua, usichukue roli linaloning'inia nje ya duka. Omba lililo ndani kivulini.

Kwato, jembe na kiberiti

Hapa ni kwa wafugaji, na njia za ng'ombe ni za zamani kuliko viwanja vyetu. Kundi likipita kila siku kwenda kunywa maji, kwato huchonga njia, mvua huzoa udongo uliolegezwa, na bomba lililofukiwa kina cha shubiri huonekana baada ya misimu miwili. Jembe la kukokotwa na ng'ombe nalo huzama shubiri moja hivi, kwa hiyo bomba la juujuu linalopita shambani litakutana nalo tu. Ukilazimika kuvuka njia ya mifugo, pitisha bomba ndani ya bomba la chuma na uongeze kina.

Moto ni adui tusiyemtaja. Kila kiangazi tunafyeka, tunakusanya, tunachoma. Nimeona bomba zima likiwa limeyeyuka chini ya rundo la takataka za mahindi, mwenyewe akishangaa kwa nini maji hayafiki jikoni. Usichome chochote juu ya mstari wa bomba.

Ili ujue mstari huo uko wapi, chora ramani siku ile ile, kabla hujafukia. Chukua daftari la shule la mtoto: weka nyumba, mita, miti, na hatua ngapi kutoka ukutani hadi kwenye kila kona na kila kiungo. Weka na jiwe lililopakwa rangi kwenye kila kona. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi atachimba shimo moja badala ya matano.

Mita yako inazungumza usiku

Vitu vyote kabla ya mita ni vya mamlaka ya maji. Kuanzia mita kuingia kwako, ni vyako, na maji yanayopotea huko unayalipia hata kama hukuyanywa. Kwa hiyo jifunze kuisoma mita kama unavyosoma salio la simu.

Usiku ambao maji yapo, watu wote wakishalala, funga koki zote, na lile boya la tanki hakikisha limefunga. Chukua tochi, fungua kifuniko cha mita, tazama kile kigurudumu kidogo au kinyota kwenye kioo. Kikizunguka, hata polepole, kuna maji yanayokwenda mahali. Andika namba zote, pamoja na zile nyekundu za mwisho, ulale, uzisome tena alfajiri kabla ya mtu kuchota.

Usidharau uvujaji mdogo. Chukua ule unaojaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja, uzi wa maji ambao hata hausikiki. Kwa siku ni lita 480. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 14,400. Uniti moja ya bili ni lita 1,000, yaani ndoo 50, kwa hiyo umelipia uniti zaidi ya 14 zilizokwenda ardhini. Kwa familia inayotumia ndoo 10 kwa siku, uniti hizo zingetosha zaidi ya miezi miwili.

Ukishajua kuna uvujaji, utafute mchana kwa macho: nyasi mbichi wakati wa ukame, nyuki na vipepeo wanaotua mahali pamoja, kuku wanaokwaruakwarua pale pale, ardhi inayobonyea. Ardhi haifichi maji kwa muda mrefu.

Maji yakikatika, hatari haikatiki

Lamadi ilipata mradi wake wa maji ya ziwa chini ya mpango wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, pamoja na Magu na Misungwi, kwa fedha za Serikali ya Tanzania, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Wanaokumbuka kushuka ziwani na ndoo kichwani, kukanyaga maji yenye kichocho na kuogopa mamba, wanajua neema ya koki uani. Lakini maji yaliyosafishwa kwenye chujio yanaweza kuchafuliwa hatua tatu kutoka mlangoni kwako.

Hutokea hivi. Maji yakiwapo, bomba lenye tundu hutoa maji nje. Yakikatika na yaliyobaki yakateremka kwa majirani wa bondeni, bomba huwa kama mrija: hufyonza kile kilicholizunguka. Tundu likiwa kwenye tope karibu na choo cha shimo au zizi, unafyonza tope hilo. Maji yakirudi, wa kwanza kunywa ni mtoto aliyekimbilia koki. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara hupata njia hapo. Hatari huongezeka ziwa likipanda, kama lilivyopanda Mei 2020, maana kwa wa mwambao maji ya chini ya ardhi hufika mitaroni.

Kwa hiyo usiache ncha ya mpira wa maji imezama kwenye beseni, pipa au hori la ng'ombe. Maji yakikatika, funga koki zote. Yakirudi, yaache ya mwanzo yatoke mpaka yawe meupe, uyakinge kwa kumwagilia mchicha, na ya kunywa endelea kuyachemsha. Funika tanki lako, ulioshe angalau mara mbili kwa mwaka.

Na tuache kufunga mpira wa tairi la baiskeli tukaita ni matengenezo. Mpira hupunguza maji yanayotoka, hauzuii uchafu unaoingia. Ni wa kukuvusha usiku mmoja. Kesho yake chimba kwa nafasi, ukate kipande kibovu chote, usafishe ncha, uweke kiunganishi kipya, kisha ufungulie maji kabla ya kufukia. Kaa utazame kwa robo saa. Kiungo kisichotoa jasho kwa robo saa ndicho cha kufukiwa. Na unapofungua koki kuu, fungua taratibu, maana maji yanayoachiwa kwa kishindo hugonga viungo kama nyundo.

Kalenda ya mwenye bomba

Chimba mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Masika imeisha, udongo bado laini, nyufa hazijafunguka. Julai, pima mita usiku. Agosti na Septemba, tembea juu ya mstari wa bomba kila Jumapili, utazame nyufa na nyasi, na ufa ukifunguka karibu na bomba, ujaze mchanga. Oktoba, kabla ya mvua za vuli, rudishia udongo uliobonyea na utengeneze njia ya maji ya mvua yasichimbe mtaro wako. Ni saa chache kwa mwaka mzima.

Kazi ya mtaro ni nzito kwa mtu mmoja, hasa kwa wajane na wazee. Hatukuanza leo kulimiana mashamba kwa zamu, na kinachowezekana kwa jembe la pamba kinawezekana kwa sururu la mtaro. Nyumba tano zikichimbiana zamu, kila moja hupata mtaro wa kina kamili kwa siku moja.

Kwa yule mama tulifanya hivyo. Vijana wanne wa jirani walichimba, wajukuu wakabeba mchanga kwa ndoo zilezile za maji, mama akapika ugali na sato. Tulilaza roli jipya mchana, tukaliacha lipoe, tukaunganisha alfajiri. Mwisho wa Septemba nilipita pale. Aliniita kutoka jikoni, akanionyesha uwanja kwa kidole bila kusema neno. Ule mstari wa nyasi mbichi ulikuwa umekauka, rangi ya mkeka kama uwanja mzima.